Kuruka kwa Mgongo

24 Januari 1994

Mvua tangu alfajiri, na mazoezi yamefanyika hivyo hivyo, kwa sababu Mwalimu Baltazar hana habari na mvua. Amerudi kutoka Dar es Salaam kwenye semina ya michezo na wazimu mpya. Eti tuache kuruka juu kwa mkasi, mguu mmoja ukifuata mwingine kama tulivyoruka tangu shule ya msingi. Tuupe ufito mgongo, kichwa kitangulie, miguu ije mwisho, tuangukie mabega. Ametuonyesha mwenyewe. Aliangusha ufito, akaangusha na nguzo, akabaki amelala kwenye mchanga, miwani imehamia sikioni. Ida alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijizuia kwa sababu ya adabu, si kwa huruma.

Alipoinuka akasema, "Dunia nzima wanaruka hivi. Tumebaki sisi tu na mkasi wetu." Sawa. Dunia nzima wana magodoro.

27 Januari

Ida alihamia shuleni kwetu tukiwa kidato cha pili. Baba yake ni karani wa mahakama aliyeletwa hapa Songea kutoka Njombe. Yeye Mbena, mimi Mngoni, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hatujawahi kusalimiana kama watu. Mababu zetu walipigana, wakachoka, wakatuachia sisi kazi ya kutukanana bila kugombana.

Leo kanikuta nafunga kamba za raba. Akaniambia nikivunjika shingo yeye mtani wangu ndiye atakayelala kaburini, na sizikwi mpaka ukoo wangu umlipe jogoo. Nikamjibu kuwa Wabena hawajui jogoo, wanajua viazi. "Na wewe mla panya unajua nini," akasema, akanisukuma, tukaenda darasani.

3 Februari

Mvua.

12 Februari

Nimekwenda Matogoro kumsaidia baba kupalilia. Shirika lilimpunguza kazini mwaka juzi, na tangu hapo amekuwa mkulima wa kulazimishwa. Analishika jembe kama amelikuta njiani na anamngoja mwenyewe aje kulichukua. Akasema zamani ukimaliza kidato cha nne kazi ilikuwa inakungoja mlangoni. Siku hizi hata waliokuwa na kazi wako mlangoni.

Nikamweleza aliyotuambia Mwalimu Baltazar: mwezi wa sita, kwenye mashindano ya taifa ya shule, viongozi wa timu za majeshi watakuja kuchagua wachezaji. Msichana akiruka vizuri anaandikishwa, anavaa sare, anapata mshahara na chumba. Baba akaacha kupalilia. Akauliza naruka kiasi gani. Nikasema mita moja na arobaini, na kwenda taifa huenda ikahitaji arobaini na tano, hata hamsini.

"Basi ongeza," akasema, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Nilipandwa na hasira. Halafu nikaiona mikono yake ilivyochubuka, hasira ikaniishia palepale. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyefika kidato cha nne. Nisipopata nafasi hiyo, narudi kushika jembe lile lile.

16 Februari

Jumatano ya Majivu. Ida ni Mlutheri. Ameutazama msalaba wa majivu kwenye paji langu akaniuliza kama nimeangukia jikoni.

21 Februari

Kiwanda cha mbao kilichokuwa kinatupa maranda ya kujaza shimo letu la kurukia kimeuzwa kwa mtu binafsi. Zamani maranda yalikuwa takataka, ukiyachukua unaambiwa asante. Sasa yanauzwa kwa wenye majiko. Kwa hiyo kila mwanafunzi ameambiwa alete gunia la pumba za mpunga au maganda ya mahindi. Mimi nimebeba la kwangu kichwani kutoka Mfaranyaki, kwa Shangazi Frida ninakokaa, na pumba zimeniingia mpaka kwenye masikio.

Tumeyashona magunia, tumeyapanga matabaka mawili juu ya mchanga, na turubai juu. Mwalimu ametuonya sana kuhusu turubai. Pumba zikiwa kavu unazama kama umelala kwenye godoro la askofu. Zikilowa zinashikana, na gunia linakuwa tofali.

1 Machi

Mvua. Shingo inauma.

4 Machi

Nimevuka! Ufito ulikuwa chini, hata kwa mkasi ningeuvuka, lakini nimeuvuka kwa mgongo. Kuna kitambo kidogo pale juu ambapo hushiki chochote, huoni ardhi wala ufito. Niliona mawingu, na milima ya Matogoro imepinduka, nikasahau kuogopa. Halafu mabega yakazama kwenye pumba. Nililala pale nikicheka peke yangu. Mwalimu Baltazar alikuwa anarukaruka kama mtoto aliyepewa mandazi. Nilimcheka mwezi wa kwanza. Leo nampenda.

Ida amejaribu mara moja, akatua kwa makalio, akasema mgongo wake ni wa kubebea watoto. Amerudi kwenye mkasi.

15 Machi

Mita moja na arobaini na tano, kwa mgongo. 

17 Machi

Mwalimu ametukalisha mimi na Ida darasani akatupa hesabu ya mashindano ya mkoa, yatakayokuwa hapa hapa mjini tarehe thelathini Aprili. Wasichana wawili wa kwanza wataenda taifa. Mmoja tunamjua tayari: Mwamvua wa Tunduru, ambaye anaruka mkasi kama mbuzi anavyoruka ua, na hamsini kwake si kitu. Inabaki nafasi moja.

Kwangu amepanga hivi. Nisiruke kabisa urefu wa chini. Niwaache wenzangu wajichoshe, nikae na sweta langu mpaka ufito ufike arobaini na tano, hapo ndipo niingie. Sababu ni kwamba kila nikitua shingo inaniuma, na siku hiyo mwili wangu una miruko michache tu ya kweli. Ubaya wake unajulikana. Nikishindwa mara tatu, sina hata kimo kimoja cha kuandikiwa, nimetoka mikono mitupu, na Ida wa mkasi atanipita akiwa hata jasho halijamtoka.

Ida akasema wazo la Mwalimu ni zuri, nikae tu na sweta, yeye atakwenda taifa aniletee pipi.

24 Machi

Violeth, anayekaa dawati la mbele yetu, ameniambia amemsikia Ida akimweleza Mwalimu kuwa mimi naogopa na usiku naota naanguka. Ni kweli naota. Nilimwambia Ida peke yake. Nimemuuliza. Akajibu kuwa Wangoni tangu vita vile wanaota wanakimbia, si habari mpya. Siku nyingine ningecheka.

28 Machi

Mvua, mvua, mvua. Shangazi amesema mwaka huu mahindi yataozea shambani. Mwalimu amenishika bega baada ya mazoezi akaniambia, "Kunegunda, usimsikilize sana Ida. Ni mtani wako, sawa, lakini nafasi ni moja."  Neno lenyewe limeingia kama mwiba mdogo, ukikanyaga unakumbuka.

3 Aprili

Pasaka. Ida amekuja nyumbani na kikapu cha viazi kutoka Njombe. Amempigia Shangazi goti, "Shikamoo, shangazi," kwa heshima zote, kisha akanigeukia akasema viazi ni vya matanga yangu, vihifadhiwe vizuri. Shangazi alicheka mpaka akafuta macho. Mimi nilicheka kwa nje.

11 Aprili

Nimetua vibaya, pembeni ya magunia. Shingo haigeuki upande wa kushoto. Ida ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, mikono yake ni mizuri kuliko ya muuguzi, na muda wote alikuwa anaimba wimbo wa kusindikizia maiti. Nikawaza, huyu ananipenda. Nikawaza tena, au anahesabu. Nachukia kuwa nawaza hivi. Zamani sikuwa hivi.

18 Aprili

Mama yake Violeth anafanya kazi ofisi ya elimu. Kumbe Mwalimu Baltazar ameomba kuwa afisa michezo wa mkoa, na wakubwa wamemwambia wanangoja waone shule yake itafanya nini tarehe thelathini. Ndiyo maana shati lake linapigwa pasi siku hizi. Kumbe na yeye anapanda juu ya mgongo wangu. Sikumchukia. Kila mtu sasa hivi anatafuta mgongo wa kupandia, mwenye bahati anaupata.

25 Aprili

Hamsini. Mara moja katika majaribio saba, lakini hamsini.

29 Aprili

Trekta limechukua magunia yetu mchana, yamepelekwa uwanjani na kupangwa. Shule nyingine hazina kitu, kwa hiyo wote tutatua kwenye pumba zetu. Mwalimu aliyafunika mwenyewe kwa turubai, akaweka mawe pembeni. Jioni mvua imenyesha tena, ile ya kuaga. Baba ametembea kutoka Matogoro ili kesho anione. Amevaa koti lake la kazini la zamani.

19 Mei

Nimeweza kushika kalamu. Naandika nimelala chali hospitalini, daftari limesimama juu ya kifua, wino unakataa kila mstari wa pili.

Naiandika siku ile kama ilivyokuwa, kwa sababu kila anayekuja kuniona ana ya kwake.

Tulifika uwanjani asubuhi kuna manyunyu. Cha kwanza nilichokiona ni turubai letu. Lilikuwa juu ya jukwaa, limefunika viti vya mgeni rasmi na wake wa wakubwa. Sijui nani aliamua. Sikuuliza, na Mwalimu hakuuliza. Alimtazama mgeni rasmi, akatazama turubai, akarekebisha kola yake. Kisha akawaita wavulana wayapindue magunia, upande wa chini uje juu. Juu yakaonekana makavu. Mwalimu akabonyeza moja kwa kiganja, akanitazama, akaashiria kwa kichwa kuwa yako sawa.

Manyunyu yakakoma. Nikakaa na sweta langu kama tulivyopanga. Ufito ukapanda, wasichana wakatoka mmoja mmoja. Mwamvua wa Tunduru alikuwa anavuka huku anatafuna muwa, sijatia chumvi. Ida akaruka mita moja na arobaini, akavuka, akatua kwa miguu miwili. Niliona uso wake ulivyokunjamana. Akatoka kwenye magunia anachechemea, akaja moja kwa moja nilipokaa.

"Kune, usiruke kwa mgongo. Chini yamelowa, ni tofali. Na pale katikati yameachana, kisigino changu kimegonga chini."

Nikamwambia aende akamtafute jogoo wake.

"Sikutanii."

"Ndivyo unavyosema siku zote."

Na ni kweli, ndivyo alivyokuwa anasema siku zote. Kabla hajaniambia nimefeli jaribio la hisabati nililolifaulu alisema sikutanii. Kabla hajanitangazia kuwa Shangazi ameolewa na muuza dagaa alisema sikutanii. Miaka miwili na zaidi nimelilia na kulicheka neno hilo. Na safari hii nyuma ya neno kulikuwa na nafasi moja, na yeye ndiye wa pili yangu. Nilimtazama machoni nikitafuta kicheko kilichojificha. Sikukiona, nikasema huyu leo amejifunza kukificha.

"Ruka mkasi, mlongo wangu," akasema. Alinyanyua neno letu la Kingoni la kumwita ndugu akaliweka mbele yangu kama sadaka. Hata hilo nikaliona ujanja.

Nikamwita Mwalimu. Nikamwambia Ida anasema magunia yamelowa. Akatazama jukwaani kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mkasi wako ni arobaini. Ufito unakwenda arobaini na tano. Amua mwenyewe." Nikaona ni maneno ya haki. Leo nayaona kama ya mtu anayenawa mikono mapema.

Ida akaanguka arobaini na tano mara tatu. Mwamvua akavuka. Jina langu likaitwa. Nilivua sweta nikampa baba. Alilikunja vizuri, akaliweka chini ya kwapa.

Nilikimbia vizuri. Sijawahi kukimbia vizuri kama siku ile, mguu wa kushoto ulikanyaga pale pale unapotakiwa. Nikapanda, nikauona uwanja mzima umepinduka, jukwaa na turubai letu juu yake, mgongo ukapita, makalio yakapita, visigino vikapita. Ufito haukutikisika. Nilikuwa hewani bado nikajua nimevuka, na nilifurahi. Nataka hili liandikwe. Nilifurahi kabisa.

Halafu nikasikia sauti kama ya kuni kavu. Haikuuma. Magunia yalikuwa yameachana katikati kama Ida alivyosema, na mimi nilitua palepale. Nilimwona mwamuzi amenyanyua bendera nyeupe. Watu walikuwa wanapiga makofi. Nikajaribu kuinuka ili nitoke uwanjani, na kuanzia kiunoni kwenda chini hapakuwa na mtu.

20 Mei

Baba amekuja. Amekaa. Ameondoka. Koti bado amelivaa.

23 Mei

Wote wanasema nitapona. Shangazi anasema, padre anasema, Violeth ameleta machungwa akasema. Daktari anasema tungoje uvimbe ushuke, tuone. Kila asubuhi muuguzi ananigusa nyayo kwa ncha ya kalamu na kuniuliza kama nasikia. Namwambia kidogo. Si kweli, lakini uso wake unafurahi.

Mwalimu Baltazar alikuja juzi nilipokuwa nimelala. Shangazi anasema alisimama mlangoni akiwa na kofia mkononi, hakuingia. Barua yake ya uafisa michezo imetoka. Nilidhani nitamchukia. Nimechoka tu.

Ida hajaja. Wiki tatu sasa. Naisikiliza miguu ya kila anayepita koridoni. Nimemwandalia tusi kabisa, zuri, kuhusu viazi.

28 Mei

Baridi imeanza, na upepo. Mvua zimekwisha. Shangazi anasema mahindi hayakuoza hata hivyo.

2 Juni

Ida amekuja.

Amevaa gauni la kanisani. Amesimama miguuni pa kitanda, mikono ameikunja mbele, akasema, "Habari za leo, dada Kunegunda. Pole sana na maumivu. Mungu ni mwema." Hivyo hivyo, taratibu, kama mke wa mchungaji aliyemtembelea mgonjwa asiyemfahamu.

Hajawahi kuniita dada. Hajawahi kunipa pole, hata nilipofiwa na bibi. Siku ile ya bibi alilala kaburini akataka alipwe, akanifanya nicheke nikiwa na machozi. Nilimtazama, nikawaelewa wote: Shangazi, padre, Violeth na machungwa yake. Daktari alikuwa ameshasema, aliwaambia wao, na mji mzima ulijua isipokuwa mimi. Watani hawalitanii jambo ambalo limekwisha kuwa kweli kiasi hicho.

"Sitatembea," nikamwambia.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akasema baba yangu aliwaomba watu wasiniambie mpaka nipate nguvu.

"Nilikuambia siku ile," akasema.

"Nilidhani unanitania."

"Najua." Akafuta uso kwa pindo la gauni. "Ndiyo maana sikuja. Kila siku nalala nasema, kama ningekuwa mtu wa kawaida kwake, angenisikia."

 Nililia, na yeye akalia, na mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama mmoja wa Namtumbo ambaye hatumjui, akalia pia kwa kutusaidia.

5 Juni

Keshokutwa Ida anakwenda taifa kushika nafasi yangu. Nilishika nafasi ya pili, imeandikwa hivyo, lakini aliyeshika nafasi ya pili hawezi kupanda basi. Amekuja kuaga. Kanisalimia tena vilevile, dada Kunegunda, habari za asubuhi. Ameniletea uji, akanishikia kikombe kama mtoto.

Nikamwambia aweke kikombe chini. Nikamwambia majeshi yakimtaka aende, apate chumba na sare, sitamwonea kijicho zaidi ya wiki mbili. Aruke mkasi wake, mtu yeyote asimdanganye. Alikubali kwa kichwa. Kisha nikamwomba nilichokuwa nimekaa nacho siku tatu.

"Wote wananihurumia, Ida. Baba hata kunitazama hawezi. Na wewe ukianza kunihurumia, mimi nitakuwa nimekufa kweli. Nitukane."

Akakataa. Akasema haiwezekani, ulimi hauendi. Nikaanza mimi, nikamtolea tusi la viazi nililoliandaa. Alitabasamu upande mmoja tu wa mdomo.  Dirishani upepo ulikuwa unapiga shuka za wagonjwa kwenye kamba. Kisha akakohoa, na sauti yake ikatoka nyembamba, inatetemeka.

"Wangoni nyie toka zamani mlipenda kubebwa. Mnapiga watu, mnawateka, halafu mnataka wawabebe. Sasa umepata ulichotaka. Baba yangu ameongea na watu wa misheni, unaletewa kigari cha magurudumu. Utasukumwa mji mzima kama nduna wenu wa vita. Na atakayekusukuma ni Mbena. Ila ujue mlimani nakuachia."

Kicheko kilinijia kutoka mbali, sijui nilikuwa nimekificha wapi. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Ida naye alicheka, kamasi zinamtoka, mama wa Namtumbo alicheka, muuguzi akaja mbio akauliza kuna nini. Kitanda kizima kilikuwa kinalia na kutikisika. Nilitazama chini nikaiona miguu yangu, na yenyewe inatikisika ndani ya shuka, kwa sababu ya kitanda.